Taka Zivumbikwe, Zisichomwe Ovyo

Wengi wetu huchanganya vitendo viwili ambavyo Kiswahili kimevitenga tangu zamani, yaani kuchoma na kuvumbika. Achomaye taka jaani huuacha moto ule hewa upendavyo, kikabaki jivu na moshi ukawaendea majirani. Avumbikaye muhogo huufukia katika jivu la moto, hewa ikakosa njia, nao ukaiva pasi na kuteketea. Wachoma makaa hufanya vivyo hivyo wanapozifunika kuni kwa majani na udongo.

Sayansi ya leo imeukuza ujuzi huo. Taka za mimea zikipashwa moto katika chombo kisichoingiza hewa, kwa nyuzi 400 hadi 600 za selisiasi, hutoa makaa, mafuta na gesi. Zikipewa hewa kidogo, na joto likapita nyuzi 700, sehemu kubwa hugeuka gesi ya kuwashia jiko au kuendeshea mtambo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, petroli ilipoadimika, magari mengi ya Ulaya yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa.

Jambo hili latuhusu sisi wa Mombasa, kwani kisiwa hakina tena pa kutupa taka. Jaa la Kibarani, karibu na Makupa, lilifungwa mwaka 2018 na taka zikaelekezwa Mwakirunge. Ilhali vifuu na makumbi yanayotupwa Marikiti na katika vichochoro vya Mji wa Kale yangeweza kuwa makaa ya seredani zetu.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba taka mbichi hula joto jingi kabla ya kutoa chochote, na plastiki ya mabomba ya maji hutoa asidi yenye klorini. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tuzitenganishe taka tangu nyumbani. Tusipofanya hivyo, mtambo utakuwa jaa jingine lenye dohani.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapohitajika sawa na mwalimu wa kemia. Mtambo ukija na jina geni tupu, raia watashindwa kumhoji auletaye. Mwanafunzi aelewaye maana ya kuvumbika atauliza: Hewa inazuiwaje? Moshi unakwenda wapi? Ni taka zipi zinazoingia? Maswali hayo yaulizwe kabla ya mikataba kutiwa sahihi, kwani mvumbika changa hula mbovu.