Je, Wajua? Steki Kikaangoni

Je, wajua kwamba kubabua nyama kwa moto mkali hakufungi maji yake ndani? Imani hiyo ilienezwa na Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1847 kuhusu kemia ya chakula. Jina lake lilikuwa zito, wapishi wakasadiki. Mwaka 1984 Harold McGee, Mmarekani anayeandika juu ya sayansi ya jikoni, aliikanusha waziwazi, lakini ushahidi unao mwenyewe kila upikapo. Ule mlio wa kikaango ni maji yanayotoka kwenye nyama na kugeuka mvuke. Lau uso wa nyama ungekuwa umezibwa, kikaango kingenyamaza.

Basi tunababua kwa ajili gani? Ladha. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi asidi amino, zile zinazojenga protini, zinavyoungana na sukari zikipata joto. Muungano huo ndio unaoleta rangi ya kahawia na harufu inayokufanya uchungulie jikoni mwa jirani. Kwenye steki hushika kasi nyuzi joto zikifika kama 140. Maji nayo huchemka kwa 100, na uso wenye maji haupandi kupita hapo. Kwa hiyo anayeosha nyama na kuitumbukiza kikaangoni ikichuruzika hakaangi, anachemsha. Ifute kwa karatasi au kitambaa safi mpaka ikauke kabisa, na usirundike vipande vinne kwenye kikaango cha viwili.

Je, wajua kwamba chumvi ina wakati wake mbaya? Dakika chache baada ya kunyunyizwa huvuta maji nje, na ukikaanga hapo unakaanga dimbwi. Ukiiachia dakika 40 au zaidi, maji hayo yaliyokolea chumvi hurudi ndani ya nyama. Ama basi utie chumvi mapema, ama utie nyama inapoingia motoni.

Siagi huungua upesi kwa sababu ya mabaki ya maziwa yaliyomo. Samli imeondolewa mabaki hayo, nayo huvumilia hadi karibu nyuzi joto 250 kabla ya kutoa moshi. Mwenye kopo la samli kabatini hana haja ya kutafuta mafuta ya bei mbaya.

Kikaango cha chuma kizito hakipati moto haraka, ila kikishaupata hakipoi nyama inapotua. Kipashe vya kutosha.

Na ile amri ya kugeuza steki mara moja tu? Ipuuze. Ukiigeuza kila baada ya nusu dakika huiva upesi zaidi na kwa usawa, kwani hakuna upande unaokaa motoni mno wala kupoa mno.

Je, wajua kwa nini steki ya bucha la mtaani huwashinda meno wengi? Nyama hulainika yenyewe baada ya kuchinjwa, kwa kazi ya vimeng'enya viitwavyo kalipaini. Ng'ombe wa nundu, ambao ndio wengi huku kwetu, wana kwa wingi protini inayovizuia vimeng'enya hivyo, kwa hiyo nyama yao inahitaji siku nyingi zaidi. Sisi tunachinja alfajiri na kula mchana, misuli ingali imekakamaa! Siku mbili au tatu kwenye jokofu husaidia. Au nunua sarara: msuli ule chini ya uti wa mgongo haufanyi kazi nzito, ndiyo maana ni laini.

Wapika mishkaki wa Pwani wana dawa yao, papai bichi. Lina papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Tahadhari tu: ukilisahau usiku kucha, uso wa nyama utakuwa kama uji.

Yale maji mekundu sahanini si damu. Damu nyingi ilitoka machinjioni. Hayo ni maji yenye mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli.

Je, wajua hatari ya steki mbichimbichi iko wapi? Bakteria kwa kawaida hukaa juu ya kipande kizima, na moto wa kikaango huwamaliza. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, maana kilichokuwa juu kimeingia ndani. Lakini ng'ombe anaweza kubeba malengelenge ya tegu katikati ya msuli, ambako moto wa juujuu haufiki. Kwa hiyo muhuri wa mkaguzi wa nyama si pambo. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kipande kizima kifike nyuzi joto 63 ndani, kisha kitulie dakika 3. Kwa nyama nisiyojua ilikopita, mimi sishuki chini ya hapo, hata mpishi wa hoteli akinicheka.

Steki nene huendelea kuiva ikishatolewa, joto la ndani likipanda nyuzi 3 hadi 5. Itoe mapema kidogo, iache itulie, halafu tazama nyuzi zake zinaelekea wapi na uzikate kwa kukingama. Ukizifuata kwa urefu, unayaachia meno kazi ya kisu.