Stesheni ya Kasese: Shaba Iliileta, Shaba Ikaondoka Nayo

Huko Uganda magharibi, chini ya milima ya Ruwenzori, iko stesheni ya reli isiyofika treni. Vijana wakiuliza sababu huambiwa kwamba reli ilizeeka. Hilo ni nusu ya habari.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, ikakaa hapo zaidi ya miaka 20. Wakulima wa magharibi walikuwepo muda wote huo, wakibeba mizigo kichwani. Kilichoivuta reli hadi Kasese mwaka 1956 ni shaba ya Kilembe, iliyochimbwa na kampuni ya Kanada. Bepari hajengi njia ya kilomita zaidi ya 300 kwa kuwahurumia watu.

Kazi ilikwenda hivi. Wachimbaji walitoa mawe mlimani, yakasagwa, na unga wa madini ukapakiwa mabehewani Kasese. Treni iliupeleka Jinja, kwenye tanuri lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Kutoka Jinja, shaba ilishuka Mombasa kupanda meli. Basi mchimbaji, kuli, dereva wa gari moshi na mfanyakazi wa tanuri walikuwa mnyororo mmoja, ingawa wengi wao hawakuwahi kuonana. Behewa lisipopakiwa Kasese, Jinja hakuna cha kuyeyusha.

Baada ya 1974 bei ya shaba ilianguka duniani. Wakati wa Amin vipuri vikawa adimu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli likagawanywa. Ilipofika 1982, uchimbaji wa shaba ulikuwa umekoma.

Stesheni haikufa siku hiyo. Abiria waliendelea kusafiri, na saruji ya Hima ilikuwepo. Lakini mwaka 1997 treni za abiria zilisimamishwa Uganda nzima, kisha njia hiyo ya magharibi ikaachwa. Saruji ikapanda malori. Mwenye mikungu yake miwili ya ndizi naye akabaki na nauli ya gari.

Sasa serikali ya Uganda ina mpango wa reli mpya, pana zaidi, hadi Mpondwe mpakani na Kongo. Sisi wa chama tunauliza mapema: safari hii mwenye ndizi atawekewa behewa, au ni mizigo ya matajiri peke yake? Na waliojenga vibanda kandokando ya reli ya zamani, siku ya kuhamishwa nani atawasemea?