Kuchagua Gasketi ya Hedi Injini ya Gari la Chama Inapoundwa Upya

Gasketi ya hedi ni kipuri chembamba, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuunda upya injini nzima. Hata hivyo kazi yote ya fundi huitegemea. Gasketi hulala kati ya bloki na hedi, nayo hutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto ulio ndani ya silinda, maji ya kupozea, na oili. Ikishindwa, maji huingia katika oili ikafanana na chai ya maziwa, au rejeta hutoa mapovu, au silinda mbili zilizo jirani hupoteza nguvu kwa pamoja.

Chama cha msingi chenye gari moja la kukusanyia mazao hakina budi kulijali jambo hili. Gari likisimama mwezi Juni, wakati ufuta na mahindi yangali vijijini, mwanachama hubaki na magunia mlangoni, na mchuuzi mwenye mizani yake mwenyewe humfikia kabla ya chama. Hasara hiyo haiandikwi katika vocha ya vipuri, lakini mwanachama ndiye huilipa.

Kosa la kawaida ni kumtuma dereva dukani akiwa na jina la gari tu. Land Cruiser, kwa mfano, zimetengenezwa kwa injini nyingi tofauti. Linalotakiwa ni aina ya injini pamoja na namba iliyopigwa kwenye bloki, kwa kuwa magari mengi yamekwisha kubadilishwa injini. Hata aina ikijulikana, kazi haijaisha. Injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ina gasketi za unene wa namna tatu, zenye alama B, D na F. B ndiyo nyembamba na F ndiyo nene. Tofauti yake ni sehemu ndogo ya milimita, wala jicho haliioni.

Sababu ya tofauti hiyo ni hii. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, si kwa cheche ya plagi. Katika injini nyingi za namna hiyo pistoni ikifika juu huchomoza kidogo kupita uso wa bloki, na gasketi ndiyo inayobakiza nafasi inayofaa. Ikiwa nyembamba mno, pistoni huweza kugonga hedi au vali. Ikiwa nene mno, mgandamizo hupungua: injini huwa ngumu kuwaka asubuhi za baridi za Songea, hutoa moshi, na hukosa nguvu gari linapopanda milima ya Lukumburu na mzigo kuelekea Njombe.

Basi kanuni ni kama ifuatavyo. Ikiwa pistoni, mikono yake na bloki havikuguswa, gasketi mpya ichukue alama ya ile ya zamani. Lakini kama pistoni zimebadilishwa, au uso wa bloki umesagwa, alama ya zamani si ushahidi tena. Fundi apime kwa saa ya kupimia jinsi kila pistoni inavyochomoza, achukue kipimo kikubwa kuliko vyote, kisha atazame jedwali la kitabu cha mtengenezaji.

Aidha, silinda zikichongwa kupanuliwa, tundu la gasketi lazima liwe pana kuliko silinda mpya. Ukingo unaoingia ndani ya silinda huungua.

Uso wa hedi nao upimwe kwa rula ya chuma na fila geji, kwa kuwa hedi iliyopata joto kupita kiasi hupinda, hasa ya aluminiamu. Kusaga hedi kuna kikomo chake, na katika dizeli kina cha vali kikaguliwe baada ya kusaga. Gasketi ya tabaka kadhaa za chuma huvumilia joto na mgandamizo mkubwa, lakini hudai uso laini sana. Ile ya mchanganyiko husamehe mikwaruzo midogo zaidi. Ifuatwe ile iliyoamriwa kwa injini husika, na gundi isipakwe pasipoelekezwa.

Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio na hatua za kitabu. Zilizovutika zibadilishwe. Kabla ya yote, itafutwe sababu iliyounguza gasketi ya kwanza: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka vyema, au thamostati iliyoharibika. Sababu ikibaki, gasketi mpya nayo itaungua.

Viongozi wa vyama wanashauriwa kutoidhinisha ununuzi mpaka fundi alete karatasi yenye mambo matano: aina na namba ya injini, upana wa silinda, kipimo kikubwa cha pistoni, hali ya uso wa hedi, na alama ya gasketi inayotakiwa. Mtunza ghala ailinganishe na kipuri kilicholetwa kabla ya kukipokea. Karatasi hiyo iambatanishwe na stakabadhi ya ununuzi na kuhifadhiwa katika jalada la gari, ili fundi atakayefuata, na mkaguzi pia, ajue kilichofanyika na kwa nini.