Majivu hunyesha, lakini pia huporomoka: tusiyachanganye

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala ya jiolojia. Sentensi moja ilisema: "Mvua ya majivu ya volkano ilishuka baharini ikageuka mwamba." Nikamuuliza, "Ni mvua kweli?" Akacheka. "Prof, si yote ni majivu tu?" La hasha!

Wahenga walisema moto huzaa jivu, na jivu tulijualo ni la mekoni: limepoa, ukilipuliza linapeperuka. Majivu ya volkano hayatokani na kuni. Ni chembechembe za mwamba na kioo zilizosagwa na mlipuko, nayo husafiri kwa njia mbili. Kwanza, hurushwa angani kisha hushuka polepole, hata mamia ya kilomita kutoka mlimani. Hiyo ndiyo mvua ya majivu. Pili, wingu zito la majivu, mawe na gesi, lenye joto la mamia ya nyuzi, huteremka likiambaa ardhi kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hilo halinyeshi. Linaporomoka.

Ndiposa napendekeza istilahi "poromoko la majivu". Wapo wanaopendelea "mtiririko", lakini kijito nacho hutiririka, na mtu hukivuka kwa kukunja suruali tu. Mkenya akisikia maporomoko ya ardhi, haulizi maana. Anajua ni kukimbia.

Je, bahari hulizuia poromoko? Wengi hudhani maji huzima moto, basi kwisha. Sivyo. Sehemu nzito hutumbukia, ikachanganyika na maji na kutambaa kwenye sakafu ya bahari. Sehemu nyepesi huteleza juu ya maji. Krakatau, kisiwa cha Indonesia, kilipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, poromoko lilivuka takriban kilomita 40 za bahari likawaunguza watu wa pwani ya Sumatra. Mkasa huo mzima uliua watu zaidi ya 36,000, wengi wao kwa tsunami.

Mambo haya ni ya kale mno. Wales, nchini Uingereza, ina miamba ya aina hii yenye umri wa takriban miaka milioni 450. Karibu na kilele cha mlima Snowdon, mita 1,085 juu ya bahari, kuna visukuku vya kombe za baharini ndani ya miamba ya majivu. Tabaka moja la eneo hilo, liitwalo Pitts Head, ni la poromoko lililotoka nchi kavu likaingia baharini. Ajabu ni kwamba hata humo majini lilibaki na joto la kutosha kulainisha vipande vya kioo, vikabanwa na kushikamana. Majivu yaliyonyesha taratibu baharini yangepoa zamani. Yasingeweza kushikamana hivyo.

Sasa turudi kwa sentensi yetu. Aliyeandika "mvua" amemwambia msomaji kwamba majivu yalifika yakiwa yamepoa, pengine kutoka mbali. Aliyeandika "poromoko" amemwambia kwamba yalikuja kwa kishindo, yakiwa moto, na kwamba bahari haikuwa kinga. Neno moja tu, na historia ya mahali imegeuka.

Wala si suala la Wales peke yake. Menengai, pale Nakuru, iliwahi kutoa maporomoko ya majivu hapo kale. Mtoto anayefunzwa kwamba volkano ni uji wa moto unaotambaa polepole, na majivu ni vumbi la kupanguswa, amefunzwa nusu ya hatari. Istilahi nzuri haipambi kamusi tu, humwonya mtu.

Mwanafunzi wangu ameshaisahihisha sentensi yake. Nawe, mwalimu mwenzangu unayesoma safu hii, utaandika nini ubaoni?