Rwanda: Begi la kamera kwa safari ya kuwaona sokwe wa milimani

Kibali cha mtalii wa kigeni kuwaona sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kaskazini mwa Rwanda, kimekuwa dola 1,500 za Marekani tangu mwaka 2017, na muda wa kukaa nao ni saa moja tu. Kuwafikia huweza kuchukua saa kadhaa za kupanda miteremko yenye matope. Anayefika akiwa hoi kwa sababu ya begi hupoteza sehemu ya saa hiyo akitweta.

Kinachopaswa kubeba uzito ni nyonga, si mabega. Mshipi mpana unaofungwa juu ya mifupa ya nyonga hufanya kazi hiyo; begi lisilo nao huvuta shingo tangu mwanzo wa mlima. Mnunuzi alijaribu likiwa na kamera na lenzi ndani, kwani begi tupu halimuumizi mtu. Lenzi nzito ikae karibu na mgongo.

Mifuko mingi ya nje, ambayo wauzaji huisifu mno, haina faida kubwa hapa. Kabla ya kuwakaribia sokwe, wageni huacha mabegi nyuma na kuendelea na kamera mkononi. Bora begi lifunguke upesi, ili betri na kadi za akiba zionekane bila kupekua.

Mvua nayo haina miadi milimani. Hata hivyo, aliyezoea kufunika kamera kwa mfuko wa plastiki auache nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na wasafiri hunyang'anywa wanapoingia nchini. Kifuniko cha kitambaa kisichopenya maji kinatosha.