Kinachobaki Birikani

Ukibandika birika jikoni Elerai, jijini Arusha, maji yatachemka kabla ya kufika nyuzijoto 100. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, hivyo kwenye nyuzi 95 hivi tayari yanatokota. Ndiyo maana makande ya huku hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga, na wapishi wengi hutia magadi ili maharage yalainike.

Mvuke unaopanda ni maji yaleyale. Molekuli zimeachana tu; zikigusa mfuniko wenye ubaridi hurudi kuwa matone. Vijidudu vimekufa, na hilo ni jema sana. Ila floraidi iliyoyeyuka majini haiondoki na mvuke. Chukua lita moja yenye miligramu 3 za floraidi, ichemshe mpaka ibaki nusu: miligramu 3 zote zimo, sasa kwenye nusu lita. Mama anayechemsha maji kwa bidii ili mwanawe asiharishe ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yanazidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Yamepita kwenye miamba na majivu ya volkano, yakabeba sodiamu nyingi na kalisi kidogo. Kalisi ingekuwa nyingi, ingeikamata floraidi na kuituamisha chini. Na yale magadi ya makande nayo huja na floraidi yake.

Dawa imepatikana kwenye mifupa ya ng'ombe. Huko Ngurdoto, mashariki ya mlima, kituo cha utafiti kimeishughulikia kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe myeusi, myepesi, imejaa vitundu. Hapa maada imegeuka kweli. Ule mfupa wa supu haurudi tena. Moto ukiwa hafifu, maji yatakayochujwa humo yatanuka. Ukipitiliza, mfupa unakuwa mweupe na uwezo wake unashuka.

Kilichobaki ni madini ya kalisi na fosfeti, jamii ileile iliyojenga meno yetu. Maji yakipenya humo, floraidi hukalia nafasi za haidroksidi na kung'ang'ania, kama inavyong'ang'ania mifupani mwetu.

Nafasi hizo zina kikomo. Zikijaa, mkaa huo wa mifupa usipobadilishwa, maji hupita na floraidi yake yote, yakiwa maangavu, hayana harufu, na ladha ni ileile ya jana.