Je, Wajua? Dar es Salaam Ilivyopangwa na Ilivyojipanga

Je, wajua kuwa Dar es Salaam ilichorewa mpango kabambe mwaka 1949, ukaja mwingine 1968 na wa tatu 1979? Miwili ya mwisho iliandaliwa na kampuni za Canada. Huo wa 1979 ulibaki mwongozo rasmi kwa zaidi ya miaka 30. Sensa ya 1978 ilihesabu wakazi 843,090. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728.

Wajua hao waliozidi walikwenda kukaa wapi? Wengi walijenga wenyewe, kwenye ardhi isiyopimwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wako katika makazi yasiyopangwa. Na tusiwadharau: humo wanaishi walimu, manesi, askari na watumishi wa serikali.

Wajua ni nyumba gani iliyowahifadhi wageni wa jiji hili kuliko mradi wowote? Ni nyumba ya Kiswahili. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na kodi inasomesha watoto. Mpangaji wa miji asiyeijua nyumba hii hajaijua Dar.

Kwa upande wa serikali, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Katika miaka hiyo ya 1960 lilibomoa vibanda vya udongo na makuti, vikiwemo vya Magomeni, likajenga nyumba za kudumu. Lakini nyingi zilichukua tu nafasi ya zilizobomolewa, kwa hiyo upungufu ukabaki.

Wajua Manzese, mtaa uliojengwa bila mpango, iliponaje ubomoaji huo? Sera iligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1970: badala ya kubomoa, kuboresha. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ikapelekewa barabara, mifereji na maji, watu wakiwa humo humo majumbani mwao. Huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya makazi ya jiji hili. Mradi huo huo ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Ulizia bei ya kiwanja Sinza leo!

Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000: Kibada, Buyuni, Mbweni, Bunju na kwingineko. Kwa idadi, lengo lilivukwa. Ila sehemu nyingi zilikaa pori kwa miaka, maji hayajafika, barabara hazipitiki. Kuhesabu viwanja bila kuhesabu mabomba ni kuwahesabia watu vichaka.

Je, wajua kuwa leseni ya makazi, ile wanayopewa wakazi wa maeneo yasiyopangwa, si hati miliki? Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, leseni haizidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Hati yaweza kufika miaka 99.

Basi msomaji, kabla hujalipa hata shilingi ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uombe kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kama pameandikwa shule, barabara au eneo la wazi, usinunue, hata muuzaji akuletee mashahidi kumi.